Je, Daftari la Maziko Laweza Kutuambia Kwamba Tunakwisha?

Swali: "Assalamu alaykum. Mimi ni karani wa kamati ya msikiti mmoja hapa Lamu, na kwa miaka saba nimekuwa nikimwandika kila maiti anayesaliwa kwetu. Mwaka juzi niliandika 22, mwaka jana 34. Miongoni mwa hao 34 walikuwamo vijana wawili waliojiua, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nikabidhiwe daftari hili. Safu ya sababu nimeiacha wazi kwa kuwa sijui niandike nini. Vijana wetu wengine wako Doha na Maskati, nyumba za mawe zanunuliwa na wageni, na watu wa bara wanaongezeka tangu bandari ianze. Kwenye simu kumesambazwa ujumbe usemao kwamba Wakenya wameanza kupungua na kwamba Lamu ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa watu kujiua. Wazee wa barazani wananiuliza mimi, kwa kuwa ndiye mwenye daftari. Je, ni kweli tunakwisha? Mdogo wa mmoja wa wale vijana, ambaye hakuwa akikosa sala ya alfajiri, simwoni tena tangu arubaini ya nduguye."

Waalaykum salaam, ndugu karani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mtu wa takwimu, nikaanza kupanga hesabu kichwani. Mara ya pili nikaona kwamba sentensi yako ya mwisho, ambayo hukuitia alama ya kuuliza, ndiyo swali lenye haraka kuliko yote. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma haya, tafadhali panga kumfikia kijana huyo leo hii, wala usingoje Ijumaa. Nitaeleza huko chini cha kumwambia na pa kumpeleka. Hesabu zinaweza kungoja. Baadhi yake zimengoja miaka saba daftarini mwako.

Nikikuelewa vyema, wasiwasi wako ni kama mkeka ulioshonwa kwa kili tatu, yaani mikanda mitatu ya ukindu uliosukwa: kwamba vifo vimezidi, kwamba wenyeji wanaondoka na nafasi zao zinachukuliwa na wengine, na kwamba vijana wanajitoa uhai kuliko zamani. Ujumbe uliozungushwa kwenye simu umezishona pamoja zikaonekana kitu kimoja, nacho ni "kukwisha". Kila ukili, hata hivyo, una asili yake na kipimo chake, na hauwezi kupimwa mpaka ufumuliwe kutoka kwa mwenzake.

Nianze na jepesi, yaani habari ya kwamba Wakenya wameanza kupungua. Si kweli. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 10.9, ya 1989 milioni 21.4, ya 2009 watu 38,610,097, na ya 2019 watu 47,564,296. Kilichopungua ni kasi ya ongezeko, ambayo ilishuka kutoka asilimia 2.9 kwa mwaka katika sensa ya 2009 hadi asilimia 2.2 katika sensa ya 2019. Kasi na idadi ni vitu viwili, na wewe ambaye umekulia kando ya maji hutashindwa kuvitofautisha: jahazi lililopunguza tanga bado linasonga mbele, ila linasonga polepole. Kasi hiyo imeshuka kwa sababu familia zimekuwa ndogo. Utafiti wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8.1 maishani mwake; utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta wastani wa 3.4. Mtu akiyaona mabadiliko makubwa namna hiyo atadhani kwamba idadi ya watu nayo lazima ishuke, lakini haishuki, kwa kuwa wale wasichana waliozaliwa katika familia za watoto wanane walikua wakawa mama, nao ni wengi mno. Kila mmoja wao akizaa watatu badala ya wanane, jumla ya watoto bado huzidi jumla ya wazee wanaofariki.

Nadhani ujumbe huo uliokotwa kwenye habari za mbali. Ziko nchi ambazo kweli zinapungua: Japani kwa miaka mingi sasa vifo vinazidi vizazi, Uchina mwaka 2022 ilipungua kwa watu wapatao 850,000, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1961, na Korea Kusini mwaka 2023 wastani wa uzazi ulifika 0.72, ambao haufiki hata mtoto mmoja kwa kila mwanamke. Hayo ni ya kwao. Mtu akayachukua, akaondoa jina la nchi, akayatuma.

Sasa daftari. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu daftari lako ni kitu cha thamani kuliko unavyodhani, na pia kwa sababu umelitwika mzigo lisioweza kuubeba.

Umeona 22, kisha 34, na tofauti ya 12 ikakutisha. Lakini kifo hakiji kwa mpango wa mwezi kwa mwezi kama mshahara. Hata mahali ambapo hapajabadilika chochote, wala maradhi wala umri wa watu, hesabu ndogo hupanda na kushuka zenyewe mwaka baada ya mwaka. Sisi tuna kipimo chepesi cha kukadiria mtikisiko huo wa bahati: jumlisha hesabu mbili unazolinganisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha kizidishe mara mbili. Katika daftari lako, 22 na 34 ni 56. Kipeuo chake ni kama saba na nusu. Mara mbili ni 15. Tofauti yako ni 12, ambayo iko ndani ya 15. Maana yake ni kwamba bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti ya namna hiyo. Sisemi kwamba vifo havikuongezeka mtaani kwenu. Nasema kwamba kurasa mbili hizi hazitoshi kulithibitisha hilo, wala kulikanusha. Zaidi ya hayo, umeniambia kwamba una miaka saba, kisha ukanitajia miwili. Ile mitano mingine ikoje? Ikiwa huko nyuma kuna mwaka wenye 31 na mwingine wenye 29, basi ajabu si 34 ya mwaka jana, bali 22 ya mwaka juzi, ambao huenda ulikuwa mwaka wa nafuu. Mtu hufungua daftari akiwa ameshashtuka, na aliyeshtuka hulinganisha mwaka mbaya na mwaka mzuri uliotangulia. Hata sisi wenye kazi hii hutupata.

Kisha jiulize: hao 34 walikuwa watu wa wapi? Msikiti hauwaandiki wakaaji wa mtaa. Unawaandika wanaosaliwa humo. Mzee aliyekaa Mombasa miaka 30, akarudishwa kuzikwa kwao, yumo daftarini mwako ingawa maisha yake yalihesabiwa kwingine. Mgonjwa aliyeletwa kutoka Faza au Kizingitini akafia mjini, huenda yumo. Kijana wa mtaa wako aliyefia Jeddah na kuzikwa huko, hayumo. Msikiti wa jirani ukifungwa miezi mitatu kwa ukarabati, majeneza yao huja kwenu. Na watoto wachanga, ambao mara nyingi huzikwa na watu wachache wa nyumbani bila tangazo lolote, je, umewaandika? Kama hukuwaandika, basi daftari lako limekosa kuona mojawapo ya mabadiliko makubwa ya nchi hii katika miaka yetu: mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 115 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 41. Vifo hivyo vilivyoepukwa havisikiki, kwa sababu hakuna anayepita mtaani akitangaza kwamba leo hakufa mtoto.

Jambo jingine ambalo huwachanganya hata wasomi ni umri. Japani, ambako watu huishi miaka mingi kuliko karibu kila mahali duniani, mwaka 2023 walifariki watu wapatao 13 katika kila 1,000, kiwango ambacho kinaizidi Kenya. Si kwamba Wajapani ni wagonjwa kutushinda. Ni wazee kutushinda. Mtaa ambao vijana wake wamekwenda Ghuba na wazee wake wamebaki barazani utazika watu wengi kwa kila 1,000, hata kama hospitali imekuwa bora na kila mtu anaishi zaidi ya alivyoishi babake. Kwa hiyo hesabu ya jumla isiyoonyesha umri haisemi lolote kuhusu afya. Kama ukipenda kazi yako isaidie, ongeza safu ya umri, japo kwa kukadiria. Safu ya mahali marehemu alipokuwa akiishi kwa kawaida. Na safu ya mahali alipofia. Kisha usilinganishe mwaka na mwaka. Linganisha miaka mitatu na mitatu.

Kuna safu moja zaidi ningekuomba, nayo ni kama kibali cha mazishi kilitolewa. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo inataka kila kifo kiandikishwe, lakini pwani yetu tuna haraka ya kuzika, na haraka hiyo ni ya dini. Maiti wa alfajiri huwa kaburini adhuhuri, na naibu wa chifu hupata habari baadaye, au asipate kabisa. Kizazi hakisahauliki kirahisi hivyo, kwa kuwa mtoto atadaiwa cheti shuleni. Kifo husahauliwa mpaka siku ya mirathi, warithi wanapofika mahakama ya kadhi na kuambiwa walete cheti cha kifo cha mtu aliyezikwa miaka tisa iliyopita. Sisi wa Malindi tumeonyeshwa jambo hili kwa namna ambayo hatutaisahau: kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti yetu ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja waliokuwa wamezikwa bila kibali cha mtu yeyote, wengi wao wakiwa wametoka kaunti nyingine. Kwa miezi mingi watu hao walikuwa wamekufa, na katika vitabu vya serikali walikuwa hai. Na atakayeangalia takwimu za Kilifi za mwaka huo bila kujua kilichotokea atadhani kwamba wenyeji wa hapa walipatwa na maradhi. Ndiyo maana kila ninapoletewa hesabu ya vifo, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyeandika, na wapi.

Ukili wa pili ni wageni. Hapa hofu yenu ina msingi zaidi, ingawa si ule unaosemwa barazani. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 101,539 mwaka 2009, na 143,920 mwaka 2019. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 42 kwa miaka kumi, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Lau Lamu ingeongezeka kwa mwendo wa nchi, ingekuwa na watu kama 125,000. Wale 19,000 waliozidi, sehemu kubwa yao haina maelezo mepesi isipokuwa kwamba watu wamehamia. Kwa hiyo kusema kwamba Lamu inapungua ni kinyume cha kilichoandikwa. Lamu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoongezeka kwa kasi, na hiyo ni kabla ya gati la kwanza la bandari kufunguliwa Mei 2021.

Lakini angalia maneno. Katika hesabu ya kuongezeka au kupungua kwa taifa, mhamiaji anayehesabika ni anayevuka mpaka wa nchi. Mtu aliyetoka Murang'a akaja Mpeketoni hakuvuka mpaka huo. Ni raia aliyehama ndani ya nchi yake, na katika hesabu ya taifa haongezi wala hapunguzi mtu hata mmoja. Makazi ya Ziwa Kenyatta, huko huko Mpeketoni, yalianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waliozaliwa huko wakati huo leo wana wajukuu, ambao wamezaliwa Lamu kama ulivyozaliwa wewe. Kijana wenu aliyeko Doha ndiye mhamiaji kwa maana ya kitaifa, na yeye sensa haikumwona, kwa sababu sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuhesabu, ambao mwaka 2019 ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Kibarua wa bandari aliyelala kijiji cha Hindi, hapo Lamu bara, usiku ule ni mtu wa Lamu katika hesabu; kijana wenu, ambaye kitanda chake bado kimetandikwa nyumbani, siye.

Nyumba za mawe nazo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu nyumba kununuliwa si sawa na mtu kuhamia. Mgeni anayenunua nyumba mtaa wa Mkomani, katika mji wa kale, akaja kukaa wiki tatu kwa mwaka hakuongeza mtu katika mji. Aliondoa familia ya watu wanane iliyohamia viungani, na milango ikafungwa. Sensa haitamhesabu, na ile familia itahesabiwa kulikohamia. Kwa hiyo kaunti inaweza kujaa huku mji wa kale ukipungukiwa, na wewe uliye ndani ya mji wa kale ukasema tunakwisha, na mtu wa takwimu aliye Nairobi akasema mnaongezeka, nanyi nyote wawili mkawa mmesema kweli. Naona hilo ndilo jibu la haki kwa wazee wa barazani: kinachobadilika si idadi ya watu wa Lamu, ni nani anayelala wapi. Kama hilo ni jema au baya, hiyo ni hoja ya siasa na ya ardhi, nanyi mna haki ya kuizungumza kwa jina lake bila kuivalisha nguo ya vifo.

Niruhusu neno la pembeni. Ukivuka kwenda Manda utaona magofu ya Takwa, mji ulioachwa karibu na mwaka 1700. Msikiti umesimama, watu hakuna. Wageni hudhani walikufa wote. Lakini masimulizi yenu wenyewe yanasema kwamba walivuka maji wakaenda kukaa Shela. Na katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, Wabajuni wa vijiji vya bara waliviacha, wengi wakaingia Lamu, Malindi na Mombasa. Ukiwa na daftari la kijiji kimoja kati ya hivyo ungeandika kwamba watu walikwisha.

Ukili wa tatu ndio mzito, nami nitauendea polepole.

Madai ya kwamba Lamu inaongoza nchi kwa watu kujiua yana kasoro ambayo mtu anaweza kuiona bila hata kujua aliyeyaandika. Kati ya kaunti 47, Lamu ndiyo yenye watu wachache kuliko zote. Inayoifuata, Isiolo, ilikuwa na watu 268,002 mwaka 2019, na Nairobi 4,397,073. Sasa, mawimbi yaleyale yanayolirusha dau hayaitikisi meli iliyotia nanga. Katika orodha yoyote inayopanga kaunti kwa viwango vya jambo lisilotokea mara nyingi, kaunti ndogo ndizo zinazotupwa juu kabisa mwaka huu na chini kabisa mwaka ujao. Chukua mfano. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua ulimwenguni, ambao ni takriban 9 katika kila watu 100,000. Kama Lamu ingekuwa na kiwango hichohicho cha dunia, jambo ambalo nalisema kwa mfano tu, kaunti nzima ingetarajiwa kuwa na vifo kama 13 kwa mwaka, na bahati peke yake ingeweza kuvifanya 7 mwaka mmoja na 19 mwaka mwingine. Mtu angeandika kwamba vimeongezeka karibu mara tatu, na hakuna kilichobadilika.

Tena kuna suala la kuandikwa. Hadi mwanzo wa 2025, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili; tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kwamba kinakiuka Katiba. Fikiria ni familia gani ingesema ukweli mbele ya polisi, wakati aliyenusurika angeweza kutolewa kitandani akapelekwa kortini. Juu ya hofu ya sheria kuna aibu, na juu ya aibu kuna hofu ya kwamba marehemu hatasaliwa. Kwa hiyo vifo hivi vilikuwa vikiandikwa "ajali", au "ghafla", au haviandikwi. Watu wakianza kusema kweli, hesabu itapanda, na kupanda huko kutakuwa dalili njema kabla ya kuwa mbaya. Unaposema kwamba jambo hili halijapata kutokea kwa miaka saba, nakuomba uliseme hivi: kwa miaka saba hakuna aliyekuambia.

Hayo ndiyo ambayo takwimu zinaweza kusema. Katika mtaa wa watu elfu chache, vifo viwili kwa mwaka mmoja havifanyi kiwango. Huwezi kuvigawanya kwa idadi ya watu ukapata kitu chenye maana. Lakini vifo viwili vichache mno kwa hesabu si vichache kwa kuchukua hatua, kwa sababu moja inayojulikana vizuri: miongoni mwa vijana, kifo cha namna hii kinaweza kumvuta mwingine aliyekuwa tayari na uzito moyoni, hasa ndugu, rafiki wa karibu, au aliyesoma naye. Duniani kote, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29, na wanaume hufa kwa njia hii zaidi ya mara mbili kuliko wanawake, kwa sehemu kwa kuwa mwanamume huona haya kusema. Kwa hiyo namna mnavyolizungumza jambo hili msikitini na kwenye simu ni kinga au ni hatari. Msieleze namna walivyofanya, wala mahali. Msiseme kwamba sababu ilikuwa mchumba, au deni, au mtihani. Sababu huwa nyingi, na ukiitaja moja, kijana mwingine mwenye deni atadhani ameonyeshwa mlango. Msiwafanye mashujaa, na msiwatukane.

Umeuliza uandike nini katika safu ya sababu. Kifo cha namna hii lazima kijulishwe polisi na maiti achunguzwe hospitalini kabla ya kuzikwa, kwa hiyo sababu rasmi iko kwa daktari, wala si juu yako kuithibitisha. Katika daftari la msikiti, ambalo hufunguliwa mbele za watu, andika jina, umri na tarehe kama ulivyowaandikia wengine, na ile safu iache kama ilivyo, au uifute kabisa kwa wote. Karani wa msikiti si tabibu, na hata "moyo" au "presha" ulizowaandikia wazee nina shaka nazo. Kuhusu sala, hilo ni la masheikh, si langu. Ila najua kwamba wanazuoni walio wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Imam Shafi tunayoyafuata wengi wetu hapa, wamesema husaliwa. Hilo likitamkwa hadharani na imamu, familia nyingine itakuwa na sababu moja pungufu ya kuficha.

Sasa turudi kwa yule mdogo wake. Aliyefiwa na ndugu kwa njia hii yuko katika hatari zaidi ya watu wengine, na kijana asiyekosa alfajiri akiacha kuonekana, hiyo ni dalili, iwe ya huzuni ya kawaida au ya zaidi. Nenda nyumbani kwao wewe mwenyewe, au mtu anayempenda na kumwamini, msiende kundi. Mwambie umemkosa alfajiri, kisha nyamaza umsikilize. Usianze na mawaidha ya subira. Yana wakati wake. Ukiona mazungumzo yanaelekea huko, muulize waziwazi kama amewahi kufikiri kujiua. Watu wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, aliye nalo hupata nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza, na asiye nalo atakuambia hana. Wala usiamini msemo wa kwamba anayesema hafanyi. Wengi waliofanya walikuwa wamesema.

Akikuambia ndiyo, au ukisikia kwamba anagawa vitu vyake, anaaga watu, halali usiku, ameanza au amezidisha unga wa kulevya au vidonge, usimwache peke yake. Waombeni wa nyumbani waondoe anachoweza kujidhuru nacho, na mpelekeni hospitali ya kaunti siku hiyohiyo, kama ambavyo mngempeleka aliyevunjika mguu. Mwambieni daktari neno lenyewe, msiseme tu kwamba hali chakula. Usiku, au kama hospitali iko mbali, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, nayo haitozi malipo. Kama tatizo ni unga, hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha unga, na safari hiyo si ya aibu. Familia ikitaka kumsomea ruqya, kisomo cha kumwombea mgonjwa, isomwe, lakini isiwe badala ya daktari, na isiwe sababu ya kungoja.

Akikuambia hapana, mwamini, na umtembelee tena baada ya siku tatu. Unaweza kumpa kazi: kupanga miaka saba ya maandishi kwa umri na mahali kutakusumbua ukiwa peke yako, na kijana mwenye simu na macho mazuri angeimaliza kwa wiki moja. Mwulize kwanza, kwa kuwa jina la nduguye limo humo, na asipotaka kuliona usimshike. Kazi ikiisha, uje nayo Malindi au uipeleke ofisi ya takwimu ya kaunti hapo Lamu, ukianza na ile miaka mitano ambayo hukunitajia.